Lori la Mzee Kilomita

Kaka Deo,

Leo ni Jumamosi, saa tisa alasiri tunaonyesha mchezo wetu, na mimi sijui nikae wapi. Tangu asubuhi nimefua pazia ambalo halikuwa chafu, nimepika uji nikausahau, nimeshuka ngazi kwenda kununua mkate nikarudi na sabuni. Aline ameniangalia akasema, "Tantine, kaa kidogo, vraiment unanichosha." Basi nimekaa. Na kwa kuwa mikono imekataa kutulia, nimeishikisha kalamu nikuandikie wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyetuingiza katika shughuli hii yote kisha ukaondoka bila kumwachia mtu maelekezo.

Umesoma vizuri. Nimesema Aline. Mwanao yuko hapa mtaani kwetu Albert Park, analala kwenye kitanda changu tangu mwezi jana, mimi nimehamia kwenye godoro. Nitafika huko. Niache kwanza nikueleze mengine, maana nikianza na yeye sitamaliza.

Banda lako la kuonyeshea filamu limekuwa duka la nywele za bandia. Viti vya plastiki wamegawana majirani, na kila nikiingia nyumba ya mtu nakiona kimojawapo nataka kukibeba. Runinga aliichukua mwenye jengo, akasema ni fidia ya kodi, sikubishana naye maana ningemng'ata. Deki ninayo mimi. Maiki ninayo pia, ile yenye utepe mwekundu pale ilipovunjika. Nimeiweka chini ya mto na Aline anadhani nimerukwa na akili.

Ijumaa jioni bado naumia. Nikitoka kiwandani Jacobs, mikono ikinuka plastiki ya maturubai, miguu inataka kunipeleka kwako yenyewe. Nakumbuka tulivyokuwa tukikaa, wewe kulia mimi kushoto, runinga mbele yetu na watu nyuma wakisukumana. Wewe ulikuwa unasema wanaume wote, mimi nasema wanawake wote. Polisi, majambazi, mapadri, wewe. Mabibi harusi, wachawi, mama wakwe, mimi. Watu walikuita mtafsiri. Mtafsiri! Kiingereza chako kilikuwa kinatosha kununua nyanya. Usichokielewa ulikitunga, na ulichokielewa ulikiboresha. Katikati ya risasi na mabomu unasimamisha picha: "Nani ameegesha toroli mlangoni? Atoe, adui anataka kupita." Halafu watu wanacheka mpaka adui mwenyewe anasahaulika.

Na hiyo filamu ya lori. Tulionyesha filamu ngapi pale, Kaka, lakini watu walikuwa wanaomba hiyo hiyo. Mzee Kilomita, dereva wa masafa marefu. Jina ulimpa wewe, la kwake mwenyewe hatukulijua kamwe. Anagombana na binti yake Rozi, anapanda lori, anaondoka. Miaka inapita. Rozi anamtafuta, kituo cha mafuta hiki, kituo cha mafuta kile, mpaka anamkaribia. Basi ndiyo hadithi nzima. Sehemu kubwa ya filamu ni mzee anaendesha kwenye jangwa na hasemi kitu, na kimya kilikuwa kinakutia kiwewe. Ndiyo ukawa unazima sauti ya filamu na kuweka muziki wako wa kantri.

Mimi na wewe tulikutana kwa kantri hiyo, kabla ya filamu ya lori, sijui kama unakumbuka. Nilipita mlangoni kwako nikitokea sokoni, nikasikia gitaa lile linalolia taratibu, nikasimama na mifuko yangu. Baba yangu kule Kigoma alikuwa akiisikiliza redio Jumapili mchana, baada ya salamu za wasikilizaji, wakiweka kantri, naye anapiga pasi shati lake la Jumatatu. Wewe ulikuwa kambini kwa wakimbizi, upande ule ule, redio ile ile. Ukaniambia, "Ingia, dada, hapa iko nafasi. Unaweza kusema kama mwanamke anayelia?" Nikakuambia naweza kusema kama mwanamke aliyechoka. Ukasema hiyo ni bora zaidi.

Sasa nikueleze mchezo ulivyoanza na Nomusa alivyoingia. Siku ya matanga yako tulikaa uani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kusema, Fiston akachukua gitaa akaanzisha nyimbo za Mzee Kilomita. Unamjua Fiston, yule mpiga gitaa wa kanisa la Wakongomani ambaye hawezi kuona nyuzi akazipita. Tukaziimba zote, kwa Kiingereza cha kubahatisha, wakubwa kwa watoto. Nomusa anakaa Umbilo, anafundisha maigizo, na alikuja kwa sababu ulikuwa unamtengenezea simu zake. Akasikiliza. Akaniuliza tunaimba nini, nikamwambia ni nyimbo za filamu fulani, nikamsimulia. Akakunja uso. Alisema kwa Kiingereza, nami nakuandikia kwa Kiswahili na kuboresha kidogo, kama ulivyonizoesha, ila "sisi" yake nimeiacha, kwao ni dada: "Filamu hiyo naijua tangu chuoni, sisi Zuhura. Haina wimbo hata mmoja."

Wote pale uani waligeuka. Baba Shukuru, ambaye amekuwa dereva wa malori kuanzia bandarini hapa mpaka Lubumbashi, alitaka kumwapia. "Dada, mimi nimeiona hiyo filamu mara nyingi kuliko wewe umekula pap, huo ugali wenu. Iko nyimbo! Iko nyimbo mwanzo mpaka mwisho!" Nomusa akabaki mdomo wazi. Nilipomweleza ulivyokuwa ukifanya, alicheka, halafu akaja tena wiki iliyofuata na hakuondoka mpaka leo. Aliniambia anataka kuiweka jukwaani filamu tunayoijua sisi, siyo ile aliyoiona yeye. Ya kuimbwa. Kwa kantri. Kwa Kiswahili.

Kaka, tumehangaika. Filamu inapepesa jicho tu, mtu ametoka jangwani yuko jikoni. Jukwaa halipepesi. Mwezi mzima tulikuwa tunajiuliza lori litakwendaje kwenye ukumbi wa kanisa wa pale Umbilo, ambao hata meza ya pingpong haikai sawasawa. Mwisho Nomusa akasema lori lisiende popote, barabara ndiyo iende. Kwa hiyo Mzee Kilomita anasimama katikati ameshika usukani, na akina mama wa kwaya wanapita wakikimbia na alama za barabarani, vichaka, robot ya kadibodi, yaani taa ya kuongozea magari, inayobadilika rangi. Ukikaa ukaangalia, unaapa kwamba lori linakimbia. Mwishoni tu ndipo linaondoka kweli. Mwili wake nimeushona mimi, kwa vipande vya turubai vilivyokatwa vibaya kiwandani, msimamizi alinipa mwenyewe. Mbele kuna kichwa cha kadibodi, na Baba Shukuru, ambaye ndiye Mzee Kilomita wetu, anakiendesha. Nyuma, chini ya turubai, vijana watatu wanatembea wameinama.

Nyimbo zile ni za watu, hatukuweza kuzitumia, kwa hiyo Fiston ametunga mpya. Amekata shingo ya chupa ya bia, anaiburuza kwenye nyuzi, na gitaa linalia kama lile la redio ya baba yangu. Tatizo ni moja, akifika ubeti wa tatu damu yake inamshinda. Anaanza polepole, mzee yuko peke yake, jua linazama, kidogo kidogo vidole vinakimbia, na akina mama wa kwaya tayari wameweka alama za barabarani chini wanacheza. Nomusa anapiga kelele, "Fiston! Huyu mtu ana huzuni!" Naye anajibu, "Mais Mama, huzuni nayo inachoka, iache icheze kidogo." Nomusa ameacha kubishana. Nadhani wewe ungempa Fiston haki.

Wimbo wa Mzee Kilomita, ule mkubwa, nakuandikia maneno yake machache ujue hatukukutia aibu:

Taa za mji zimebaki kiooni,
chai ya binti yangu imepoa mezani,
nilisema kesho, kesho ikapita,
barabara hii haina mlango wa nyuma.

Baba Shukuru akiuimba haimbi vizuri. Lakini tangu malori ya wenzake yachomwe moto kule njiani na wasiotaka madereva wageni, hajarudi barabarani, anashinda gereji akiziba pancha, na akifika kwenye "kesho ikapita" watu wanatazama viatu vyao.

Sasa mwisho. Hapo ndipo tunagombana.

Unakumbuka tulivyomaliza. Rozi anafika kituo cha mafuta na chupa yake ya chai, lori ndiyo kwanza linatoka. Kwenye picha Rozi hasemi kitu, anasimama tu. Mara ya kwanza tunaionyesha nilishindwa kumwacha asimame hivyo, nikapayuka kwenye maiki, "Baba, simama!" Hatukupanga. Na wewe ukajibu papo hapo kwa sauti ya Mzee Kilomita: "Subiri, mwanangu. Natafuta mahali pa kugeuzia. Lori refu haligeuki popote." Halafu ukagandisha picha, lori likiwa bado linaonekana kwenye vumbi, ukasimama na kutangazia watu: "Nendeni nyumbani. Anakuja. Mbele hapa diski imekwaruzika, lakini anakuja." Madereva waliokuwa nyuma wakaanza kubishana ni wapi angegeuzia, na wakatoka wakibishana mpaka barabarani. Ikawa desturi. Kila mara picha inabaki imeganda mpaka mtu wa mwisho ametoka, ndipo unazima ukutani.

Mimi niliamini. Diski imekwaruzika, basi. Hakuna aliyewahi kuuona mwisho wenyewe, na hakuna aliyeuulizia, kwa sababu mwisho tulikuwa nao.

Nomusa akaniambia ukweli taratibu, kama daktari. Katika filamu yao lori haligeuki. Linakwenda, linakuwa dogo, linapotea, barabara inabaki tupu. Basi. Na wenye filamu wameturuhusu, tena kwa maneno mazuri, kwa sharti kwamba mwisho wao tusiubadilishe. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia wenye filamu hawakuwahi kukaa kwenye viti vyetu vya plastiki. Akasema, "Eish, sisi Zuhura, ninakuelewa, lakini nimeweka sahihi." Akaongeza kwamba huenda ule wao ni wa kweli zaidi, kwa sababu wako watu wanaoondoka na hawageuki, na nani anawaimbia walioachwa? Nikaenda kuosha vikombe. Tukakubaliana hivi: nitakuwa na maiki pembeni ya jukwaa mchezo mzima, nitasema na watu kama tulivyokuwa tukifanya, lakini Rozi akishaita "Baba, simama," mimi nizime. Lori litoke lote. Kimya. Taa.

Nilikubali. Halafu akaja Aline.

Hakuwahi mazishi, pasipoti yake ilichelewa. Kaka, ana paji lako la uso na hana mzaha wako. Amekuja kuchukua vitu vyako, amevikuta vinajaa begi moja, na tangu hapo analipanga na kulipangua. Ndege yake ni Jumatatu. Ni muuguzi kule Bujumbura, watu wanamheshimu. Nilimpeleka uani nikamwonyesha wanaokulilia, akawapa mkono mmoja mmoja, kisha ngazini akaniambia, "Tantine, hawa wote walimpata. Mimi nilipata sauti kwenye simu." Alikuwa na miaka tisa ulipoondoka. Ulimwambia utarudi kabla hajapata komunyo. Halafu ikawa kipaimara, halafu mtihani. Alipomaliza shule na wewe hukutokea, akaacha kupokea simu zako. Aliniambia mwaka wenyewe, na mimi sikumwambia kwamba ni mwaka uleule ulipoileta filamu ya lori bandani na kuniambia, "Zuhura, hii tutaionyesha sana."

Nilimwambia aje kwenye mazoezi. Alikataa. Lakini Jumanne nimerudi kutoka kazini nikamkuta amekaa chini mbele ya runinga yangu na ile deki yako. Ameichukua diski yako, anaiangalia filamu peke yake, bila mimi na bila wewe, kwa sauti ya filamu yenyewe. Nikamkuta Rozi kasimama na chupa ya chai. Nikamwambia, "Hapo inakwama, mama, imekwaruzika."

Haikukwama.

Lori lilikwenda. Likawa dogo, likapotea, barabara ikabaki tupu, yakaanza kupanda majina. Safi kabisa, hakuna hata mkwaruzo. Niliitoa diski nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, naikodolea macho kama mtu anayetafuta chawa. Ni nzima, Kaka. Miaka yote ile ilikuwa nzima. Aline akafunga deki, akasema, "Huyo ndiye papa wangu. Ameenda zake, hata kioo hakuangalia." Akarudi kwenye begi lake.

Nilitaka kumwambia kuhusu kugeuzia. Ningemwambia nini? Kwamba ulikuwa unarudi? Kila mwaka ulisema mwaka ujao, nilikusikia kwa masikio yangu, na hukununua tiketi. Kuwawekea watu maneno mdomoni ndiyo kazi uliyonifundisha, lakini wale walikuwa watu wa kwenye picha, hawana binti aliyekaa kitandani kwangu akikunja mashati ya baba yake. Niambie basi. Ulikuwa unatafuta mahali pa kugeuzia, au ulikuwa unapenda tu jinsi watu walivyokuwa wakitoka wanacheka? Nauliza na nakasirika, maana najua hujibu.

Saa saba hii. Aline amevaa. Amesema atakuja, kwa heshima yangu tu, na atakaa karibu na mlango. Naacha kalamu, nimeanza tena kukunja pazia.

*

Jumapili, mchana.

Kaka Deo, sikuzima maiki.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Albert Park yote ilikuja, na Wazulu wa Umbilo, na wanafunzi wa Nomusa. Nusu walikuja na viti vyao vya plastiki, nikaviona vyako vimepangwa tena mstari mmoja. Mchezo ulikwenda vizuri. Kichaka kimoja kilianguka, nikasema kwenye maiki, "Jamani, huku kwetu vichaka vinachoka, viacheni vipumzike," wakacheka kama zamani. Fiston alijizuia mpaka ubeti wa tatu. Baba Shukuru alipoimba "kesho ikapita" nilimtazama Aline. Alikuwa karibu na mlango, mikono ameifunga, mkoba begani.

Tukafika mwisho. Grâce, msusi wa ghorofa ya chini ambaye ndiye Rozi, akasimama na chupa ya chai, akaita, "Baba, simama!" Mimi kidole kiko kwenye swichi. Lori likaanza kuondoka. Kichwa cha kadibodi kikapita nyuma ya pazia, halafu mwili, hatua kwa hatua, vijana wanapumua chini ya turubai langu. Ukumbi mzima ukanigeukia. Unajua walikuwa wanangoja nini. Wote, Kaka. Hata watoto. Na Aline akaona wanageuka, akanitazama na yeye.

Nilipoona umebaki mkia tu, nilipayuka, "Simameni hapo hapo!"

Wakasimama. Lori likaganda, mkia nje, kichwa ndani. Nomusa alikuwa kwenye swichi za taa, nikamwona anainua mkono, halafu anaushusha. Taa ikabaki inawaka.

Sikusema maneno yako. Yale ni ya mwanaume, ni yako, mimi sikuwahi kusema wanaume. Nilisema kwa sauti yangu. Nikasema, "Nyote mnajua kwamba Deo alikuwa akisimamisha hapa. Alituambia diski imekwaruzika. Jumanne nimeiona diski. Ni nzima." Watu wakaguna. "Mbele kuna mwisho, na lori linapotea. Aliujua. Miaka yote aliujua, na hakutuonyesha hata siku moja, na yeye mwenyewe hakukubali kuuangalia. Mimi sijui kama alikuwa anarudi. Singeweza kumsemea hilo. Ninachokijua ni kwamba alikaa pembeni yangu na kidole kwenye kitufe, na hakuwahi, hata mara moja, kuliacha lori lile lipotee. Sasa nendeni nyumbani."

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Halafu kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Baba Shukuru, si ya kuigiza, ya kwake ya kila siku: "Lakini kugeuza pale haiwezekani, papa, na trela ile! Afike kwanza kwenye mizani!" Mwingine akamjibu kutoka dirishani, "Mizani ya nini, iko njia panda kabla ya daraja!" Basi wakaanza, Kaka. Wakainuka na viti vyao wakibishana, wakatoka mlangoni wakibishana, mpaka nikawasikia Umbilo Road wanaonyeshana kwa mikono. Nomusa alikaa chini pale kwenye swichi akawa anacheka na kufuta macho. Aliniinulia kidole gumba akisema, "Sharp, sisi Zuhura. Mwisho hatujaubadilisha. Tumeugandisha tu."

Ukumbi ukaisha watu. Akabaki mmoja.

Aline alikuwa ameondoka mlangoni, amekuja kukaa mstari wa mbele kwenye mojawapo ya viti vyako. Mkoba uko sakafuni. Alikuwa anautazama mkia wa lori. Akaniuliza bila kunigeukia, "Papa alikuwa anazima lini?"

Nikamwambia, "Mpaka mtu wa mwisho ametoka."

Akasema, "Basi mimi sitoki."

Kutoka chini ya turubai kijana mmoja akalia, "Tantine, mgongo!" Na Fiston, ambaye hajui kukaa kimya kwenye huzuni ya mtu, akaburuza ile chupa yake kwenye nyuzi, polepole, kisha si polepole. Lori likaanza kutikisika. Wale vijana walikuwa wanacheza humo ndani, Kaka, mkia wote unakatika kiuno. Aline alicheka. Nilikuwa sijamsikia anacheka. Anacheka kama wewe, kwa kuvuta pumzi ndani, na alipocheka hivyo mimi ndiye niliyeanza kulia, halafu yeye, tukashikana pale kwenye viti vya plastiki kama watu waliopewa habari za msiba sasa hivi. Alilia kwa sauti. Alikuwa hajakulilia.

Mlinzi alipokuja kufunga, Aline alikataa lori liondolewe. Tukawatoa vijana mmoja mmoja kwa upande wa kichwa, tukaliegemeza turubai kwenye viti, likabaki limesimama na mkia wake ukingoni mwa jukwaa. Alitoka wa mwisho, akigeuka nyuma mpaka mlangoni. Asubuhi ya leo mchungaji amehubiri pembeni yake. Mimi Mwislamu nilikwenda kukusanya vyombo nikakuta ibada inaendelea, nikakaa nyuma, nikaona mtu anamwonyesha jirani yake mkia kwa kidole.

Kesho nampeleka uwanja wa ndege. Begi lake safari hii amelipanga mara moja tu. Diski nimempa yeye, ni haki yake. Jana alinikalisha mbele ya deki akataka nimwonyeshe ni wapi hasa ulikuwa unabonyeza, nami nikamwonyesha: lori likifika kwenye nguzo ya pili ya simu, vumbi limeanza kupanda. Alijaribu, akachelewa, akarudisha nyuma, akajaribu tena mpaka akapata. Hajasema amekusamehe, na mimi sikumuuliza. Amesema tu kwamba sasa anajua pa kusimamisha.

Bado nimekukasirikia, Kaka. Ungenunua tiketi. Hilo nitakuambia kila nikikutembelea makaburini, nawe utavumilia. Lakini maiki ninayo, na mkono wangu leo umetulia. Wanataka tuupeleke mchezo mahali pengine, na popote tutakapokwenda nitakaa kushoto kama kawaida, kulia kwangu nitaacha kiti kitupu, na Rozi akishaita, mimi ndiye nitakayesema simameni. Nakuahidi hakuna atakayezima taa kabla mtu wa mwisho hajatoka.

Lala, Kaka Deo. Lori bado linaonekana.

Dada yako wa kushoto,
Zuhura